Ajengaye na Atunzaye

Liko swali moja la maadili ambalo ni nadra kulikuta katika karatasi za mitihani ya shule zetu, nalo ni hili: baina ya mtu aletaye kitu kipya na mtu azuiaye kitu cha zamani kisiharibike, ni yupi astahiliye heshima zaidi? Ukiwauliza watu watakujibu kwamba wote wawili ni sawa. Lakini midomo husema hayo na matendo yetu husema mengine. Mradi unapofunguliwa ngoma hupigwa, utepe hukatwa, na jiwe huchongwa jina la kiongozi pamoja na tarehe. Miaka arobaini baadaye bomba la mradi ule ule hupasuka usiku wa manane, likazibwa na watu watatu waliosimama shimoni, matope yamewafika magotini. Asubuhi wananchi hufungua bilula zao, maji yakatoka, wala hawajui kwamba usiku yalikuwa karibu kukatika. Hatujapata kuona jiwe lililochongwa majina ya watu watatu wa namna hiyo.

Tumependa kulitazama swali hili kwa mfano wa maji ya bomba. Barabara ikichimbika, shimo huonekana na kila apitaye. Paa la shule likivuja, mwalimu na wanafunzi hulowa pamoja. Bomba limefukiwa ardhini, na mtunzaji wake amefichika pamoja nalo. Huonekana siku moja tu, siku maji yasipotoka. Na siku hiyo watu hawamtafuti kwa ajili ya kumshukuru.

Chukua mji wa Dar es Salaam. Mtambo wa Ruvu Juu ulianza kazi mwaka 1959, kabla ya Uhuru. Mtambo wa Ruvu Chini ukafuata mwaka 1976, ukiwa na uwezo wa kutoa lita milioni 182 kwa siku. Katika mwongo wa 2010 yote miwili ilipanuliwa: Ruvu Chini ukafikishwa lita milioni 270, na Ruvu Juu lita milioni 196. Hizo ni kazi kubwa, nasi hatuna nia ya kuzipunguzia sifa. Lakini mji ulioukaribisha mtambo wa kwanza ulikuwa mdogo, na mji wa leo umetapakaa pande zote; na chini ya mitaa yake yamelala mabomba ya kila umri, ya chuma, ya saruji iliyochanganywa na asbesto, na ya plastiki ya siku hizi. Mengine yalipimwa kwa inchi na mengine kwa milimita, na fundi hana budi kuyaunganisha hayo kwa haya. Juu ya mabomba hayo ofisi zimekuwa zikibadili majina: NUWA katika miaka ya 1980, DAWASA mwaka 1997, kampuni binafsi iliyokodishwa kazi mwaka 2003 na ambayo mkataba wake ulivunjwa mwaka 2005, kisha DAWASCO, na tangu mwaka 2018 ni DAWASA tena. Kila mara vibao vya milangoni viliandikwa upya. Bomba lililo chini halikuwa jipya kwa sababu ya kibao.

Mwanafunzi na afanye hesabu ndogo. Tundu litoalo lita moja tu kwa dakika hupoteza lita 1,440 kwa siku, yaani ndoo 72 za lita ishirini. EWURA, mdhibiti wa huduma hizi, huuona upotevu usiozidi asilimia 20 kuwa ni wa kuvumilika. Asilimia 20 ya lita milioni 270 ni lita milioni 54. Hizo ni ndoo 2,700,000 kila siku, na hapo tumo bado ndani ya kiwango cha kuridhisha! Mamlaka nyingi zimepoteza zaidi ya hapo kwa miaka mingi. Si yote yavujayo. Mengine huibwa kwa maungio ya siri, na mengine hupita katika mita zilizochoka zisiweze tena kuhesabu. Lakini katika mkono wa mama aliyepanga foleni na ndoo yake, maji yaliyovuja na maji yaliyoibwa ni mamoja, kwani yote hayakumfikia.

Tena liko jambo baya zaidi ambalo wengi hawalijui. Bomba lililojaa maji yenye msukumo hutoa nje. Bomba lililokauka kwa sababu ya mgao huvuta ndani. Tundu lile lile lililokuwa likimwaga maji safi Jumatatu, Jumanne hufyonza uchafu wa mtaro ulio karibu nalo. Kwa hiyo azibaye tundu anaokoa maji, na pia anazuia ugonjwa ambao hautaandikwa popote kwa sababu haukutokea. Hapa ndipo ugumu wa kumheshimu mtunzaji ulipo. Mjenzi huonyesha kitu. Mtunzaji hana la kuonyesha ila balaa ambalo halikuja. Na ni vigumu mno kwa binadamu kushukuru kwa ajili ya jambo ambalo halikuja.

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii husomeshwa tangu shule ya msingi, nasi hatuipingi. Ila tungependa walimu waitazame vizuri. Inamtisha mvivu kwa gharama ya ukuta, haimsifu aliyeziba. Inaufanya utunzaji uwe hila ya kukwepa hasara. Ni kweli kwamba hasara hukwepwa, lakini tukikomea hapo mwenye ufa mdogo atapiga hesabu, ataona kwamba ukuta utaanguka baada ya yeye kustaafu, naye atauacha. Utunzaji wahitaji msingi imara kuliko hofu ya gharama, maana aghalabu gharama hiyo humwangukia mtu mwingine.

Na tuone basi mtunzaji huyo ni mtu wa namna gani. Baadhi ya wasomi wetu hufikiri kwamba kuzeesha mikono juu ya mabomba ni kazi ya waliofeli. Hawajui wanalosema. Fundi mzoefu hutoka usiku, baina ya saa nane na saa kumi, wakati watu wamelala na maji yatumikayo ni machache. Hapo mita ya mtaa ikiendelea kwenda kwa kasi hujua kwamba kuna anayekunywa ambaye si mtu. Huchukua chuma chake kirefu, akakisimamisha juu ya bomba au juu ya vali, akaweka sikio. Mvujo huimba, na sauti ya bomba la chuma si sauti ya bomba la plastiki, ambalo karibu ni bubu. Hujua pia kwamba vali kubwa haifungwi kwa pupa, kwani maji mengi yaendayo kasi yakizuiwa ghafla hurudi na kulipiga bomba kwa nguvu ya kuweza kulipasua mahali pengine kabisa. Kwa hiyo hufunga polepole akihesabu mizunguko. Na vali zetu, kwa kuwa ziliagizwa kutoka nchi mbalimbali, nyingine hufungwa kwa kuzungushwa kulia na nyingine kushoto. Kijana asiyejua hudhani anafungua kumbe anafunga, akaongeza nguvu, akavunja.

Mengi ya haya hayamo katika ramani. Ramani nyingine zilichorwa kabla mtaa haujapimwa upya, nyingine zimeliwa na mchwa, na nyingine huonyesha bomba lililokusudiwa kulazwa wala si lile lililolazwa. Ramani ya kweli imo kichwani mwa mzee mmoja. Huyo husikia akiitwa, "Mzee, koki ya mtaa huu iko wapi?" naye hutembea hatua kadha kutoka kwenye mwembe, akasimama juu ya mchanga usio na alama yoyote, akasema, "Chimbeni hapa." Sheria ya utumishi wa umma humtaka astaafu kwa lazima atimizapo miaka 60. Siku hiyo hupewa barua na mkono wa kwaheri, na ramani huenda naye kijijini. Sisi tulio katika umri wa hamsini na kitu tunaijua hofu hii kwa karibu. Majalada yetu yatabaki makabatini, lakini ya mzee huyu hayakuandikwa.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kwetu ndilo kiini. Mahali ambapo maji hayatoshi, hugawanywa kwa zamu. Mwaka 2022, mto Ruvu ulipopungua mno kwa ukame, wakazi wa Dar es Salaam walitangaziwa mgao, na kila mtaa ukawa unahesabu siku zake. Watu hudhani mgao hufanywa na ratiba. La hasha. Ratiba ni karatasi. Mgao hufanywa na mkono wa mtu aliyeinama juu ya chemba, na ufunguo wa chuma wenye umbo la herufi T. Mizunguko michache zaidi, mtaa wa bondeni hujaza matangi yake. Mizunguko michache pungufu, mtaa wa mlimani hupata upepo. Hakuna hakimu aliyekaa hapo, wala hakuna shahidi. Mwenye hoteli anaweza kuja na bahasha. Mwenye gari la kuuza maji anaweza kuja na bahasha kubwa zaidi, kwani faida yake hutokana na ukame wa wenzake. Na mtu huyu aliyeinama huenda nyumbani kwake mwenyewe hamna maji, maana mfinyanzi hulia gaeni.

Wahubiri wa maadili hupenda kusema kwamba hapo ndipo utu hupimwa, mahali pasipo na macho. Ni kweli. Asiyeiba kwa kuwa anaonekana hatuwezi bado kumwita mwaminifu. Lakini sisi tunaona kwamba usemi huo, ukitumiwa peke yake, ni njia ya wakubwa kujitoa lawamani. Taifa linalomwachia mtu mmoja, mwenye mshahara mdogo, uzito wote wa haki ya mji mzima, kisha likamlaani anapoanguka, halijatimiza wajibu wake kwake. Dhamiri yahitaji kusaidiwa. Ratiba ibandikwe wazi mahali ambapo hata mpishi wa mama lishe ataisoma; ufunguo ukabidhiwe kwa saini; wafunguao wawe wawili; mizunguko iandikwe daftarini, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Hayo yakifanywa, mwaminifu hupata kinga, na mdanganyifu hupata woga. Hatuoni kwamba uaminifu wa mtu hupungua thamani kwa kuandikwa.

Wako watakaotupinga wakisema: taifa maskini lazima lijenge kwanza, mambo ya kutunza ni ya matajiri. Hoja hii si ya kupuuzwa, na historia yetu wenyewe imekwisha kuijaribu. Mwaka 1971 Tanzania ilianza mpango wa miaka ishirini wa maji vijijini, nia ikiwa kila mwananchi apate maji safi umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake ifikapo mwaka 1991. Lilikuwa lengo adilifu. Marafiki wa nje walisaidia, kila mmoja na mikoa yake: Wafini Mtwara na Lindi, Waswidi Mwanza, Mara na Kagera, Wadani Iringa, Mbeya na Ruvuma, Wanorwe Rukwa na Kigoma. Visima vikachimbwa, pampu zikafungwa, sherehe zikafanywa. Mwaka 1991 ulipofika lengo halikuwa limetimia, na moja ya sababu zake ni kwamba miradi mingi iliyokwisha kujengwa ilikuwa imenyamaza: hapa dizeli hakuna, pale mkanda umekatika, kwingine kipuri kinatoka nchi ambayo hakuna ajuaye kuiandikia barua. Ujenzi ulikuwa ukikimbia mbele na uharibifu ukiufuata nyuma. Hata Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ulioundwa mwaka 2019, umerithi vituo vingi ambavyo kwanza vilihitaji kufufuliwa. Kwa hiyo maskini ndiye hasa asiyeweza kumudu kutotunza. Tajiri anaweza kujenga mara mbili.

Si jambo la kwetu tu. Katika mji wa Roma ya kale, mnamo mwaka 97, Kaisari alimteua mtu aitwaye Frontinus kuwa mkuu wa maji ya mji. Huyu hakuwa mtu mdogo. Alikuwa amekwisha kuwa gavana wa Britania na kuongoza majeshi. Alikuta mifereji tisa iliyoingiza maji mjini, mingine ya miaka mamia, na watumwa 700 waliogawanywa katika makundi mawili kwa kazi ya kuitunza. Alipima, akalinganisha maji yaliyoingia na yaliyoandikwa, akagundua kwamba wengi walitoboa mabomba kwa siri na kwamba hata watumishi wa maji wenyewe walishiriki. Wasomaji wa Dar es Salaam hawatashangaa. Kisha akaandika kitabu juu ya yote hayo, ili asiwe mtu wa kuongozwa na walio chini yake kwa kutojua kazi. Linalotuvuta ni kwamba jenerali huyo hakuona aibu kuandika juu ya vipimo vya mabomba na nyufa za mifereji. Lakini tusisahau wale 700. Majina yao hayamo kitabuni, na kazi yao haikuwa ya hiari. Heshima ya utunzaji iliyomwangukia mkuu peke yake ni heshima nusu.

Hatuna haja ya kwenda Roma kutafuta heshima nzima. Juu ya Kilimanjaro Wachagga walichimba mifongo, mifereji iletayo maji ya mlima hadi migombani, mingine imepita kwenye magenge ambapo mbuzi angesita. Mfongo una mzee wake na una watu wake. Mvua ikibomoa kingo, wote hutoka na majembe. Asiyetokea hutozwa, na asiyelipa huenda akakosa zamu yake ya maji. Upareni kuna ndiva, mabwawa madogo yakusanyayo maji usiku ili yafunguliwe mchana, na kuyazibua tope ni kazi ya msaragambo. Katika mila hizo hatuoni mpaka baina ya kujenga na kutunza. Aliyechimba alikuwa babu, nawe unachimba kila mwaka tope lile lile alilochimba yeye. Umiliki haukutokana na hati, ulitokana na jembe. Tunapozungumza juu ya utamaduni wa taifa, mara nyingi tunataja ngoma, mavazi na vinyago. Tungependa msaragambo wa ndiva uhesabiwe humo humo.

Bomba la mjini limetutenga na mila hiyo. Bwana mkubwa huleta maji, raia hupokea. Seyyid Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, aliingiza mjini maji ya chemchemi kwa mabomba bila ya malipo, na watu walimwombea dua kwa haki. Wakoloni nao walileta maji, lakini kwa kupima rangi: Uzunguni mabomba yaliingia hadi jikoni na bustanini, ilhali Uswahilini watu wa mtaa mzima walikutana kwenye bilula moja. Hapa mpinzani wetu hupata silaha nyingine. Husema: mtandao huo ulichorwa kwa dhuluma, kuutunza ni kuitunza dhuluma, uacheni ufe. Tumelifikiria neno hili kwa muda mrefu kuliko yote mengine, kwani lina ukweli ndani yake. Bomba nene bado hufuata njia ya zamani, na vitongoji vipya huning'inia kwenye ncha zake kama watoto wa kambo. Lakini bomba likiachwa life, wa kwanza kuumia si mwenye nyumba kubwa. Yeye atachimba kisima chake na kununua tangi. Atakayeumia ni yule wa bilula ya mtaa. Tena, atakayeweza kuichora upya ramani ya dhuluma ni yule tu aijuaye ramani yenyewe: anayejua ni wapi bomba la inchi kumi na mbili laweza kutolewa tawi, na ni wapi msukumo hautafika hata ukiahidiwa jukwaani. Mtunzaji, basi, si mlinzi wa mambo ya kale peke yake.

Tukirudi kwa vijana wetu, wale wanaojaza fomu za kuchagua masomo na kazi. Chuo cha Maji kipo Ubungo. Vyuo vya ufundi vipo mikoani. Ngazi za kazi zipo, kuanzia fundi, fundi sanifu, hadi mhandisi, pamoja na wapimaji wa ubora wa maji, wachoraji wa ramani na wasoma mita. Kazi hizi hazitakwisha, kwa kuwa kila bomba linalolazwa leo linaanza kuzeeka leo. Lakini kijana si mjinga. Hutazama tunamheshimu nani. Akiona mhandisi wa mradi mpya ana gari na mhandisi wa matengenezo ana baiskeli, atachagua gari, hata kama tumemsomea insha. Akiona bajeti inapopunguzwa fungu la vipuri ndilo la kwanza kukatwa, ataelewa tunachokiamini. Sisi tuliokaa mezani na kuyapitisha mafungu hayo tunajua jinsi fungu lisilo na sherehe lisivyo na mtetezi.

Kwa walimu tuna ombi moja la kawaida. Mpelekeni mwanafunzi nje ya lango la shule akatafute chemba ya vali iliyo karibu. Aulize ofisi ya maji ya wilaya ni nani huifungua, ilifungwa mwaka gani, huzungushwa kulia au kushoto, na mitaa ipi hupata maji kutokana nayo. Aandike majibu pamoja na jina la fundi, ikiwa fundi mwenyewe ameridhia, achore ramani yake, kisha nakala moja ibaki shuleni na nyingine ipelekwe ofisini. Huenda ofisini wakacheka. Huenda pia wakaipokea kwa mikono miwili, kwani si ajabu kwamba mtu aliyejibu maswali hayo anastaafu mwaka ujao. Mtambo wa Ruvu Chini unatimiza miaka 50 mwaka 2026, na miongoni mwa walioanza kazi katika ujana wake wamebaki wachache wa kuulizwa.